Mpango wa Alhamisi Saa Sita Mchana

Jumamosi, 28 Machi

Nimepewa madaraka! Mke wangu, Marielos, ametangaza mezani kwamba safari ya Wiki Takatifu mwaka huu nitaipanga mimi. Kaka yake Olman, ambaye huipanga kila mwaka, akatabasamu. Tabasamu la mtu anayemtazama mtoto akipewa kisu.

Tunakwenda Playa Pochote, kijiji cha ufukweni ng'ambo ya ghuba. Safari ni ya mama mkwe, Mama Ofelia. Alizaliwa kule, akaondoka ana miaka kumi na tisa, hajarudi tena. Sasa ana themanini na moja. Anataka kitu kimoja tu: atie miguu katika bahari ya kwao. Mwakani, anasema, hajui magoti yatasemaje. Marielos akageukia dirisha. Mimi nikapenga kamasi, nikasingizia pilipili. Hakukuwa na pilipili.

Jumapili, 29 Machi

Kuna tatizo. Lazima tufike Alhamisi kabla jua halijazama. Jumamosi tunarudi kwa feri ya kwanza, giza bado, kwa sababu Mama ndiye huivika sanamu ya Bikira Maria kwa maandamano ya Pasaka. Miaka arobaini hajamwachia mtu kazi hiyo. Katikati inabaki Ijumaa Kuu, na Ijumaa Kuu Mama haingii baharini. Anayeingia siku hiyo hugeuka samaki.

Nilicheka. Mama akaniuliza kama namjua binamu yake Tranquilino. Nikasema simjui.

"Basi!" akasema. "Unadhani yuko wapi?"

Olman anataka tuondoke Jumatano alfajiri. Mtu wa kawaida, mawazo ya kawaida. Mimi nimepiga hesabu: Alhamisi saa sita mchana. Wenye haraka watakuwa wameshaondoka, wachamungu watakuwa kanisani. Barabara nyeupe! Siri kubwa sana hii.

Jumatatu, 30 Machi

Nimepata nyumba kwa simu. Mwenyewe ni Bi Eduviges. Maelekezo: kutoka ulipokuwa mti mkubwa wa pochote, mita mia mbili kuelekea baharini. Nikauliza mti wenyewe uko wapi. Akanishangaa. Mti haupo, ulianguka zamani, ndiyo maana kasema ulipokuwa. Maelekezo safi kabisa. Mimi mwenyewe hapa mjini Cartago nakaa mita hamsini kutoka ilipokuwa bucha.

Olman ameukataa mpango wangu. Atatangulia Jumatano na gari lake. Halafu, kwa upole ule wake unaoudhi, akasema ampakie Mama, ili awe na siku nzima ya kukaa na bahari yake. Nikakataa katakata. Mama ni abiria wangu!

Chumba kinachotazama bahari ni kimoja tu. Nimeshakichagua kwa ajili ya mgongo wangu unaouma. Kwa hiyo Olman nimempa maelekezo mengine: kutoka kanisani, mita mia nne kaskazini. Acha ahangaike kidogo, atakuja kunipigia simu kwa adabu.

Jumanne, 31 Machi

Nimenyoa nywele. Kinyozi alipouliza tunaondoka lini sikutaka kusema. Akanibembeleza. Nikamwambia yeye tu. Mwoka mikate wa mtaani alikuwa kiti cha pili, lakini uso wake ulikuwa umejaa povu.

Jumatano, 1 Aprili

Olman ameondoka alfajiri. Alipiga honi mara tatu, makusudi.

Mama amekata kucha za miguu, amezisugua nyayo kwa jiwe, amepaka mafuta. Amekaa kitandani anaitazama miguu yake. Akaniuliza kama kweli kesho, kabla ya jua kuzama. Nikamwambia, "Mama, kesho saa kumi na moja uko majini." Akanibusu paji la uso. Hajawahi kunibusu tangu harusi.

Alhamisi, 2 Aprili

Naandika nikiwa kwenye foleni ya feri, bandarini Puntarenas. Saa kumi na moja na nusu. Feri hata haionekani.

Barabara ilijaa tangu tulipotoka mjini. Cartago yote ilikuwa barabarani! Magari mawili mbele yetu ni kinyozi na mkewe. Nyuma yetu mwoka mikate. Akashuka kuja kunishukuru kwa wazo zuri, mbele ya Marielos. Akasema amewaambia watu wachache tu, wa kanisani kwake.

Wali na kuku viko kwenye sufuria juu ya paa, chini ya mizigo yote, nami ndiye niliyefunga kamba. Tunakula biskuti.

Jua linazama. Mama analitazama kupitia kioo. Hajanilaumu hata neno moja. Amevaa soksi zake tena, polepole. Ningetukanwa ningeona nafuu. Olman alitaka kumchukua. Nilikataa mimi.

Ijumaa Kuu, 3 Aprili

Tulivuka kulipokucha. Mama alisali rozari njia nzima, maana kwake Ijumaa Kuu hata gari halipaswi kuwashwa. Tulipofika Pochote nilizunguka mara nne nikitafuta mti usiokuwepo. Mama hakufumbua hata macho, akanyoosha kidole: "Hapo. Nasikia baridi ya kivuli chake." Sasa hapo pana kituo cha mafuta. Mita mia mbili, nyumba hii hapa.

Na Olman barazani! Kwenye bembea! Yale maelekezo yangu yalimfikisha kanisani, akamkuta Bi Eduviges anapanga maua. Akapewa ufunguo, chumba cha bahari na samaki wa kukaanga. Akanishukuru. Kwa dhati kabisa, sijui kwa nini ananifanyia hivi.

Sufuria ya wali na kuku imefunguliwa. Leo nyama haramu. Imefungwa.

Mama alikubali kukaa ufukweni, mbali na maji, aangalie tu. Jikoni kulikuwa na jedwali la maji kupwa na kujaa. Nikalisoma kwa makini: kuanzia saa nane maji yanapwa. Saa tisa nikamwekea kiti kwenye mchanga mkavu, nikakaa chini pembeni yake. Nikasinzia.

Niliamka maji yakiwa kiunoni. Nikapiga ukelele, nikarukia kiti nimwinue Mama. Akanipiga mkono.

"Niache! Mimi sikuingia. Bahari imenifuata yenyewe."

Alikuwa ameshikilia gauni juu ya magoti. Mawimbi yanamjia miguuni, yanarudi, yanamjia tena. Machozi yanamtiririka, na anacheka kama msichana. Marielos na Olman walikuja mbio, wakasimama palepale. Kisha Mama akainama juu ya maji.

"Tranquilino," akasema. "Ofelia huyu. Nimerudi."

Nikalia. Olman naye alilia, na kwa sauti kubwa kuliko mimi, kama kawaida yake.

Jioni nikalitazama tena lile jedwali. Ni la mwaka juzi. Nimelikunja nikalitia mfukoni. Familia nimeiambia nilipiga hesabu ya maji tangu Jumatatu.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili

Bikira Maria alipendeza. Mama alitembea nyuma yake mpaka mwisho, na viatu vyake bado vina mchanga. Hataki vifutwe.

Marielos amesema mwakani atapanga Olman. Nimekubali, lakini kosa nimeshaliona. Kosa lilikuwa saa. Saa sita kila mtu anaifikiria. Mwakani ni Alhamisi saa saba! Barabara itakuwa nyeupe kabisa. Sijamwambia mtu yeyote.

Isipokuwa kinyozi. Ameapa.