Damu ya Wifi

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Daktari anataka nipimwe damu Alhamisi. Anatafuta mafuta. Yakizidi, vidonge mpaka kaburini, na karai langu la kukaangia lipewe likizo. Likizo! Miaka arobaini tumeishi pamoja, mume mwenyewe hakufikisha. Lakini maabara hawanijui sura. Wifi yangu, dada wa marehemu, ni mwembamba kama ufito na halambi mafuta. Ataingia yeye na kadi yangu.

Jumatano, tarehe 5
Wifi kakataa. Kasema hatumii jina la mlafi. Nikamwambia basi sema unaogopa sindano. Karuka! Watoe hata debe, kasema, damu yake itanitia adabu.

Alhamisi, tarehe 6
Kachomwa. Nilimngoja benchini na viazi vyangu vya kukaanga. Tulipopanda ngazi za nje kashika kifua, anahema. Kasema ni joto. Joto gani, na mvua inanyesha?

Jumatatu, tarehe 10
Majibu! Mafuta yamepita kiasi, moyo uko hatarini. Nikakumbuka zile ngazi. Nimekiri palepale. Daktari kanikaripia kama mtoto, haki yangu.
Nikauliza inakuwaje, mtu halambi hata kijiko? Akanichorea. Kumbe damuni mna wabebaji wema, wanarudisha mafuta kwenye ini yatupwe. Mna na wabaya, wanayabwaga kwenye kuta za mishipa. Katikati yao kuna protini, kuli asiyeonekana kwa macho, anawatua wema mzigo na kuwatwika wabaya. Wengine huzaliwa na kuli mwenye bidii mno. Huenda wifi ni mmoja wao.
Mimi! Nimezaa sita, nimeosha maiti, sikujua nina bandari nzima chini ya ngozi. Kutwa nimeutazama mshipa wa mkono wangu. Wanapakua na kupakia, wala hawapigi kelele. Subhana!

Jumanne, tarehe 11
Nimemkokota wifi hospitali. Mshipa mmoja wa moyo umeanza kuziba. Tumewahi. Kalia. Nikamwambia nyamaza, ufito wangu, hufi kabla hujanizika. Nimehamia kwake na godoro langu, atake asitake. Daktari kasema hila yangu imemwokoa. Sasa anataka damu yangu mwenyewe, Ijumaa.

Jumatano, tarehe 12
Somo limeniingia. Wembamba si afya. Kosa langu lilikuwa kumtuma mwembamba. Nimeshaongea na jirani, fundi cherehani. Mnene kama pipa, na sindano ndiyo kazi yake.