Dishi la Shangazi, Bado Bluu

Jumatatu, 5 Februari 2001

Nimerudi kutoka Njombe na dishi. Nimechoka kama mtu aliyelibeba kichwani. Na kweli nimelibeba kichwani, kutoka stendi mpaka nyumbani, na Makambako nzima imenitazama. Sipendi kutazamwa.

Niandike tangu mwanzo. Shangazi Modesta ana nyumba ya wageni yenye vyumba sita, barabara ya kwenda Tunduma. Madereva wa malori wamemhama. Wanalala ng'ambo, kwa Mzee Miraji, kwa sababu Mzee Miraji ana dishi kubwa juu ya paa. Wiki iliyopita Shangazi alisema basi, na yeye atanunua lake, tena la kulipia, lenye mpira wa Uingereza. Akauliza nani humu ndani anaelewa mambo hayo. Noela, binti wa baba mdogo, akasema, "Idda alipata B ya fizikia kwenye mtihani wa moko." Sikukataa. Kukataa kungehitaji maneno mengi.

Noela na mimi tumemaliza kidato cha nne pamoja na tumekuja hapa pamoja kutoka Matamba, kwetu Makete. Shangazi anahitaji msichana mmoja tu. Ametamka hivi: picha ikionekana kabla ya mpira wa Jumamosi, mapokezi ni yangu. Isipoonekana, mapokezi ni ya Noela na mimi narudi Matamba kuchuma pareto.

Mapokezi! Ni chumba kidogo chenye kidirisha na pazia. Mgeni anaona mkono wako, wewe unaona mkono wake. Unapitisha daftari, unapitisha ufunguo, imekwisha. Sijapata kuona kazi nzuri kama hiyo.

Dukani Njombe, muuzaji aitwaye Yonathani aliniuliza kama nataka chaneli za bure au za kulipia. Nikasema za kulipia. Alisikia mara ya tatu. Akaeleza kuwa za bure zinataka dishi kubwa la wavu, za kulipia linatosha dogo, lakini risiva yake lazima iwe na mdomo wa kuingizia kadi. Mpaka hapo nilielewa. Kisha akauliza lile jicho la mbele ya dishi nalitaka la njia moja au la njia mbili. Nikaitikia kwa kichwa. Akasema binti, hilo si jibu. Nikaitikia tena. Sasa tuna jicho la njia mbili na televisheni moja.

Mwisho akasema fundi Romani yumo ndani ya bei, nimsubiri dakika tano tupande naye basi. Nikafikiria Njombe mpaka Makambako nimekaa kiti kimoja na mtu nisiyemjua, ataniuliza natokea wapi, nasoma wapi, mama hajambo. Nikasema nyumbani fundi yupo.

Fundi ni mimi.

Jumanne, 6 Februari

Mvua asubuhi. Nimechimba shimo uani na kusimamisha nguzo. Nimeipima kwa kamba na jiwe, imesimama wima kuliko nguzo ya umeme. Hilo naliandika kwa sababu ndilo jema pekee la leo.

Kitabu cha maelekezo kinasema dishi lielekee wapi na liinuke kiasi gani ukiwa Dar es Salaam, na ukiwa Lusaka. Makambako haimo. Hawakutufikiria. Lakini nikafikiri: reli inatoka Dar inakwenda Zambia, nasi tuko katikati ya reli. Nikahesabu stesheni. Nikachukua nyuzi za pembe za Dar na za Lusaka, nikazigawa kwa stesheni. Ukurasa mzima wa hesabu, safi, mistari miwili chini ya jibu.

Nikafunga. Nikawasha. Kioo kizima bluu, na maneno ya Kiingereza kuwa hakuna mawimbi.

Shangazi akauliza ndiyo nini hiyo. Nikasema inapata moto kwanza.

Jumatano, 7 Februari

Nimepata mbinu. Kwa nini nihesabu, na jibu liko ng'ambo ya barabara? Dishi la Mzee Miraji linaona. Dishi langu likitazama linakotazama lake, nalo litaona. Ningeweza kumwomba ruhusa nikalipime. Lakini ingebidi nibishe hodi.

Basi alfajiri nimevuka, nikasimama nyuma ya ukuta wake, kwenye mahindi. Nilikuwa na kamba, jiwe, na kile kipande cha nusu duara cha kupimia pembe, kutoka kwenye mkebe wangu wa hisabati. Nikanyoosha mkono kuelekea paa lake, nikafumba jicho moja, nikanong'ona namba nisizisahau.

Saa mbili Mzee Miraji alikuwa sebuleni kwetu, kofia mkononi. Shikamoo yangu akaiitikia kwa mbali. Akamwambia Shangazi kuwa yeye ni mtu wa dini, hasemi kitu, anauliza tu: binti wako alfajiri ananing'iniza jiwe kwenye kamba, anaelekeza nyumba yangu, na midomo inatikisika. Mke wangu hajanywa chai mpaka sasa, Mama.

Shangazi, msharika wa kanisa kwa miaka ishirini! Alisimama wima. Akasema kwao Makete watoto wanasoma hesabu alfajiri, akili ikiwa baridi. Mzee akasema alhamdulillahi, basi zisomwe upande wenu.

Alipoondoka Shangazi hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Vipimo ninavyo hata hivyo. Nimegeuza dishi, nyuzi kwa nyuzi, kama lake. Linatazama barabara, juu kidogo ya malori.

Bluu.

Alhamisi, 8 Februari

Nilidhani nimekosea kupima. Nikarudi, safari hii adhuhuri, watu wako msikitini. Sikumwona Rehana. Rehana ni binti wa Mzee Miraji, rika langu, na anaongea na kila mtu, hata na madereva wa Kongo. Alikuwa amekaa juu ya ukuta anakula embe.

Akasema, "We Idda wa Makete, unapima nini? Sufuria?"

Nikaficha jiwe mgongoni. Akacheka mpaka embe likamdondoka. Kisha akashuka, akaninong'oneza, na mimi nikakaa chini kwenye mahindi.

Dishi lao halioni kitu. Baba yake alilinunua Mbeya likiwa bovu, halina jicho. Ule waya unaoingia ukutani ni wa kuanikia nguo. Mudy, kaka yake, analeta kanda za mpira kutoka Dar, zinachezwa kwenye deki ya video chumba cha nyuma. Mpira wa wiki iliyopita. Madereva wamekuwa njiani siku saba, hawajui matokeo, wanashangilia mpaka wanavunja vikombe. Na dishi linatazama pale kwa sababu pale ndipo malori ya Tunduma yanapotokea. Limewekwa lionekane, akasema, siyo lione.

Kwa siku mbili nimeiga kwa makini macho ya kipofu.

Rehana akasema nikitoa siri, naye atatangaza sokoni kuwa nawanga. Hakuhitaji kunitisha. Mimi nitoe siri? Kwa mdomo upi?

Mchana nimekwenda kwenye kibanda cha simu. Namba ya Yonathani iko kwenye risiti. Nimeandika maneno yangu kwenye karatasi: Shikamoo, mimi ni yule wa dishi, naomba fundi. Mama wa kibanda akanipigia. Yonathani akasema halo. Karatasi ilikuwa mkononi. Halo! Nikaigeuza karatasi upande wa pili. Mama wa kibanda akapaza sauti watu wote wasikie, "We binti, hapa ni Makambako siyo Ulaya, ongea, dakika zinakwenda!" Nikakata.

Nikapiga tena. Nikakata tena.

Mara ya tatu Yonathani alisema jambo kuhusu watu wasio na kazi. Nikakata mimi kwanza.

Ijumaa, 9 Februari

Sina nguvu ya kuandika. Naandika kwa sababu siwezi kusema.

Mbinu ya leo ilikuwa ya mwisho: kugeuza dishi kidogo kidogo, kidole kwa kidole, mpaka lipate. Mimi uani, Noela ndani anatazama kioo. Nilimwomba anipungie kitambaa dirishani, kimya kimya. Noela hajui kimya kimya. Amepaza sauti tangu saa nne.

"Bado bluu!"

Kidole kimoja.

"Bado bluu, Idda!"

Saa sita madereva walikuwa wamejaa kwenye uzio. Kila mmoja ana mbingu yake. Mmoja anasema setilaiti ziko upande wa Zambia, aliziona mwenyewe akiwa Mpika. Mmoja anasema hapana, ziko juu ya Dar, zinakaa karibu na bandari. Kushoto, dada! Kulia! Inua! Mzee mmoja kwa huruma akanisalimu kamwene, akasema mwanangu, ukichoka pumzika, hata mbingu inapumzika. Kila Noela akiita, nao wakaitikia kwa pamoja, bado bluu, kama kwaya.

Nilitamani lile shimo la nguzo liwe kubwa zaidi.

Jioni Shangazi ametoa begi langu chini ya kitanda na kulipangusa vumbi. Alilipangusa tu, akaliweka juu ya kiti.

Nimepita kwenye kidirisha cha mapokezi. Nimekaa ndani dakika moja, pazia limeshushwa. Palikuwa na joto zuri.

Jumamosi, 10 Februari

Saa tatu asubuhi mtu mwenye mkoba wa vifaa amesimama mlangoni akauliza, "Yule bubu wa dishi yuko hapa?"

Alikuwa Romani! Akamweleza Shangazi kuwa bosi wake alipigiwa simu tatu juzi. Hakuna aliyeongea, ila nyuma alisikika mama akimgombeza binti, akitaja Makambako. Na mteja wa Makambako wiki hii ni mmoja tu, yule anayejibu kwa kichwa. Bosi akamwambia basi panda gari, huyo amekwama, na hela ya ufundi tulishachukua.

Shangazi akanigeukia. Hela ya ufundi? Nikatazama kuku.

Romani alisimama mbele ya dishi, mikono kiunoni. Akauliza nani amelifundisha kuhesabu malori. Akaligeuza, karibu liipe mgongo barabara. Kisha akachomoa kadi kwenye risiva. Nilikuwa nimeiingiza kichwa chini. Tangu Jumanne! Hata malaika wangeshika ile nguzo, tusingeona kitu.

Dakika ishirini. Mwanamke anasoma habari, rangi zote, meno yote. Noela akapiga kigelegele kwa mazoea ya sauti.

Romani ni mtu mwema. Alipokuwa anakunywa chai alimwambia Shangazi kuwa nguzo ile imesimama vizuri mno, hajaona nguzo wima hivyo wilaya nzima, na nguzo ni nusu ya kazi. Shangazi akasikia nusu ya kazi. Uso wake ukabadilika. Akalirudisha begi langu chini ya kitanda kwa mguu.

Saa kumi na mbili sebule ilijaa. Madereva kumi na wanne, na mbele kabisa, kwenye kiti chenye mto, Mzee Miraji mwenyewe, amekuja kumpongeza jirani. Shangazi alinipa rimoti nishike. Bao likaingia. Kelele. Dereva mmoja akanigeukia, akasema dada, rudisha nyuma tuone tena, kule kwa Mzee wanarudisha. Wote wakaanza: rudisha, dada, rudisha! Mzee Miraji akakohoa kwa muda mrefu sana. Mimi nikabonyeza kila kitufe mpaka kioo kikawa bluu.

Walivyonizomea! Noela ndiye aliyeirudisha picha.

Mpira ulipokwisha Shangazi akaniita jikoni. Akasema ahadi ni ahadi, mapokezi ni yangu nikitaka. Lakini anaona naelewa mitambo, na sebuleni kunahitaji mtu wa kukaa na wageni kila siku, kuwauliza wanataka chaneli gani, kuwaelewesha, kuwachangamsha. Noela anaweza kushika kidirisha. Akanishika bega. Akauliza, kwa upole kabisa, "Wewe mwenyewe unataka nini, Idda?"

Neno lilikuwepo. Lilikuwa fupi. Dirisha. Lilifika mpaka kwenye meno.

Nikasema utakavyoona wewe, Shangazi.

Akaona sebuleni.

Jumapili, 11 Februari

Leo tangu kutoka kanisani nimeulizwa maswali thelathini na saba. Natokea wapi, nasoma wapi, mama hajambo, mbona huongei, weka ngumi, weka muziki wa Kongo, dada umeolewa? Upande wa pili wa ukuta Noela amekaa nyuma ya pazia langu, analalamika kuwa hakuna wa kuongea naye.

Nimefikiri kwa makini. Wiki hii kila nilipofungua mdomo, Njombe na nyumbani, mambo yaliharibika. Niliponyamaza kwenye simu, fundi akaja. Ushahidi ni huo. Anayetaka kitu anyamaze vizuri.

Kwa hiyo sitamwambia Shangazi. Nimemwandikia barua, kwa mkono wa kushoto, asitambue mwandiko. Inatoka kwa Mgeni Mwenye Kujali. Mgeni anasema amelala nyumba nyingi, kutoka Kapiri Mposhi kule Zambia mpaka Dar, na kote mapokezi hushikwa na msichana mkimya, na wenye sauti kubwa hukaa sebuleni. Hakutaja majina. Ametoa salamu kwa Mchungaji, ili aonekane mtu wa maana.

Kuisukuma chini ya mlango haiwezekani, atajua imetoka ndani. Kuiposti hapa pia hapana, karani wa posta anaimba naye kwaya.

Namsikia Shangazi chumba cha pili, anasuka mkeka na kuniita nikale. Nitakwenda nikimaliza kulamba bahasha. Kesho napanda basi la saa kumi na mbili asubuhi, nikaiposti Njombe.