Viti vya chuo vilivyovuka mto

Leo nimeumbuka. Tena matangani.

Mnajua mimi ni asistenti katika chuo kikuu cha serikali hapa Kindu. Serikali yenyewe kwetu ni kama mjomba wa mbali: jina lake tunalo, mkono wake hatuuoni. Chaki tunachanga wenyewe. Mwezi uliopita waliita kikao cha walimu, nikakikwepa, maana nilishuku tutatozwa chaki tena (balaa lilianzia hapo).

Na mnajua habari zangu na viti. Wakati wa vita nilikuwa mwanafunzi. Askari walipasua viti vyetu wakapikia, na vilivyobaki viliondoka kimoja kimoja mabegani mwa watu tuliowaamini. Nilimaliza masomo nimekalia bidoni, dumu la plastiki. Tangu hapo, nikimwona mtu amebeba kiti, roho inanidunda.

Sasa asubuhi namkuta papa Ramazani, mlinzi wetu, anapanga viti vya plastiki vya darasa langu kwenye pusupusu, mkokoteni wa kusukuma. Anapiga mluzi. Jumatatu wanafunzi wangu wana mtihani, wataandikia sakafuni? Nikamfuata kwa mbali. Njia nzima anasalimia watu (mwizi mzoefu hana haraka). Kufika mtoni, akavipakia viti kwenye mtumbwi wa kwenda Alunguli. Mtumbwi mwingine haukuwepo. Nikajifunika uso kwa kitambaa, nikaingia humo humo.

Katikati ya mto akanigeukia.

"Asistenti, unaumwa na meno?"

"Ndiyo, papa."

"Pole. Shika basi hii kiti, isianguke ku mayi."

Nikakishika. (Ndiyo, nimesaidia kusafirisha mali ya wizi.)

Ng'ambo nikamfuata mpaka kwenye ua mmoja uliojaa watu. Viti vikashushwa, watu wakakaa palepale, bila hata kuuliza vimetoka wapi. Kumbe wezi ni mtaa mzima! Hasira ikanipanda kichwani.

"Simameni wote! Hivi viti ni vya chuo!"

Wakasimama. Mama mmoja mzee alichelewa, nikamwinua mwenyewe kwa mkono, nikageuza kiti chake juu chini, nikawaonyesha alama yetu ya rangi nyekundu. Ndipo niliposikia kilio kimenyamaza. Kilipoanza sikukisikia.

Yule mama akanitazama. Ndiye mfiwa.

"Mwanangu, viti tulisha kulipa jana. Juu ya nini unatupatisha haya mbele ya bantu, na bwana yangu hatuyamuzika?"

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo akajitokeza mkuu wa kitivo chetu, aliyekuja kutoa pole.

"Asistenti, viti tunakodisha. Njo inatupatia chaki na mafuta ya jenereta. Tulikubaliana ku kikao. Wewe ulikuwa wapi?"

Papa Ramazani, ambaye nimemwita mwizi moyoni tangu asubuhi, akanitetea.

"Mumusamehe, anaumwa na meno."

Nikapiga magoti kwa yule mama nikaomba radhi. Akasema yameisha, lakini sauti yake haikusema hivyo, na hilo linaniuma kuliko aibu yote. Mkuu akatoa hukumu: nibaki hapa mpaka matanga yaishe, kisha nivirudishe viti mwenyewe hadi chuoni.

Basi jamani msicheke. Bado niko Alunguli, na haya naandika nimesimama: viti ni vyetu, ila hakuna aliyenikaribisha kukaa.