Mzimu Wenye Miwani

Jumatatu, 4 Agosti

Moyo umechoka. Daktari ameniambia hivyo huku akitazama ukuta. Basi naungama mapema: nataka picha yangu moja ipandishwe kwenye jumba la sanaa kabla mimi sijashushwa kaburini.

Na leo, tangazo! Jumba linatafuta picha za mizimu, mazimwi na hadithi za wahenga. Shemeji, kaka wa mke wangu, tayari kakubaliwa. Zimwi lake lina vichwa saba, vyote vinafanana naye. Alipita kunijulia hali, eti bado nachora vikombe? Ndiyo, nachora vikombe! Vikombe na mke wangu. Mizimu sina.

Baada ya chai: ninao mmoja!

Jumatano, 6 Agosti

Nimeitoa picha ya mke wangu akiwa ameketi uani. Nikampaka rangi nyeupe usoni, nikamzungushia moshi. Mkono unatetemeka, kwa hiyo moshi umetoka mzuri ajabu!

Mwenyewe akachungulia, akauliza ni nani huyo. Nikamjibu ni mzimu wa maji. Akataka kujua mzimu wa maji unafanya nini na miwani yake. Nikakohoa sana. Akaenda kunitafutia dawa. Ugonjwa nao una faida zake.

Ijumaa, 8 Agosti

Msimamizi wa maonyesho kaja. Binti mwenye adabu, shikamoo kwanza. Akauliza jina la picha. Nikatunisha kifua: "Mzimu wa Mke Wangu."

Akatoa leso. Akanipa pole.

Ndipo mimi, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, nikakumbuka kwamba mtu hawi mzimu akiwa hai! Ningemsahihisha. Lakini akasema picha itakaa ukuta wa mbele, na zimwi la shemeji litahamishiwa karibu na choo. Nikainamisha kichwa. Nikasema ni kazi ya Mungu.

Bahati nzuri, marehemu alikuwa sokoni.

Jumamosi, 9 Agosti

Ufunguzi! Picha yangu mbele kabisa! Nilimsihi mke wangu apumzishe miguu nyumbani. Shemeji, mchimvi yule apendaye fitina, akaenda kumleta kwa gari.

Msimamizi akaomba watu wasimame kumkumbuka marehemu. Wakasimama. Mlango ukafunguka. Mke wangu, poda usoni, miwani ileile, akauliza kwa sauti, "Haya, kafa nani tena?"

Mama mmoja alirusha juisi. Wengine walipitia dirishani. Shemeji, badala ya kukimbia, alicheka mpaka akakaa chini, akimwambia, "Dada, pole na msiba wako!" Mke wangu akanigeukia, akauliza alikufa lini na mbona hakuarifiwa.

Picha ikateremshwa palepale. Mahali pake? Vichwa saba!

Jioni hakukuwa na chakula. Amesema marehemu hapiki.

Jumatatu, 11 Agosti

Homa imepanda, lakini furaha imepanda zaidi! Kuna jumba jingine, upande wa pili wa mji, linataka picha za malaika! Muuguzi anayekuja kunichoma sindano amekubali nimchore. Ana shingo ya kimalaika hasa, mabawa sijamwambia.

Mke wangu kaniapisha nisimzike tena mtu aliye hai. Nimeapa kwa moyo mweupe. Isitoshe, malaika hafi! Safari hii sioni pa kukosea.

Msimamizi wao nimemwambia tu kwamba binti wa pichani alipaa mbinguni wiki iliyopita.