Breki za Bure

Tangazo lilisomwa tena redioni baada ya taarifa ya habari, mahali ambapo watu wengi hupunguza sauti. Injinia hakupunguza. Alikuwa amejilaza kwenye kochi la dada yake, miguu juu ya mkono wa kochi, akingoja chai ambayo hakuichangia hata sukari. Kampuni ya pikipiki, msomaji akasema, inawaomba radhi wateja wake. Pikipiki za toleo jipya zimegundulika kuwa na pampu mbovu ya breki ya mbele. Wenye nazo wafike kwa wakala aliye karibu, wabadilishiwe pampu bila malipo.

Injinia akaketi. Waungwana wakisikia habari za breki mbovu hufikiria mifupa. Yeye aliyafikiria yale maneno mawili ya mwisho, kwa sababu katika miaka yake yote ya kuishi kwa ulimi alikuwa amejifunza kwamba hakuna kitu binadamu yuko tayari kukigharamia kama kitu cha bure.

Jina la Injinia hakupewa na chuo. Alijipa mwenyewe siku alipookota kofia ngumu ya njano kwenye jengo lililokuwa likijengwa. Kabla ya hapo alikuwa Daktari, na kabla ya Daktari alikuwa Mchungaji, kwa muda mfupi ambao waumini wake hawapendi kuuzungumzia.

Mume wa dada yake alikuwa mezani, akimalizia chai kabla ya kwenda kijiweni. Alikuwa mwendesha pikipiki, mtu mpole asiyejua kumshuku mtu.

"Shemeji," Injinia akamwita, "hiyo yako ni toleo gani?"

"Jipya hilohilo. Nimekwenda kwa wakala mpaka mlinzi ananisalimia kwa jina. Kila siku naambiwa vifaa viko njiani."

"Na breki yenyewe ikoje?"

"Leo inashika, kesho inafikiria."

Injinia akatikisa kichwa kwa uchungu mkubwa. "Sasa shemeji, mambo hayo yote, kwa nini hukuniambia? Mimi ndiye niliyetumwa na kampuni."

Sufuria ikatua kwa kishindo jikoni. "Kutumwa na nani?" dada yake akauliza kwa sauti. "Wewe hata dukani hutumiki!"

Lakini shemeji alikuwa ameshasimama, macho yanang'aa, anatafuta ufunguo wa pikipiki ili ampakie ndugu yake mwenye cheo.

Kijiwe kilikuwa pembeni ya soko: banda la mabati, benchi lililong'arishwa na makalio, na nguzo ya chuma iliyochimbiwa ardhini. Mwenyekiti wa kijiwe alikuwa mtu mfupi aliyevaa jaketi la kuakisi mwanga mchana kutwa, na aliyesema polepole ili asirudie. Aliitazama kofia ya njano, akalitazama koti jeupe lililobaki tangu enzi za udaktari, akamtazama aliyekuwa ndani yake.

"Karibu, Injinia. Hapa petu mgeni hafanyi kazi bila mdhamini. Mgeni akiingia mitini, tunabaki na mdhamini."

"Mnabaki naye vipi, Mwenyekiti?"

"Yeye anakwenda kwake kulala. Tunabaki na pikipiki yake." Akaonyesha ile nguzo na mnyororo uliokuwa umeizunguka. "Ikipita wiki, tunaiuza. Hakuna kesi, hakuna kelele."

Shemeji alinyoosha mkono kabla hajaulizwa. Mnyororo ukapita kwenye rimu ya nyuma, kufuli likabana. Injinia akahisi kitu kidogo kikimchoma kifuani. Akaamua kuwa ni njaa, akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu! Breki ni uhai, na uhai hauna bei. Kampuni imesikia kilio chenu. Tunafungua pampu ya zamani leo, keshokutwa unafungiwa mpya. Bure! Bure kabisa! Mtachangia usafirishaji tu, maana pampu haina miguu."

Wakapiga honi kwa furaha. Foleni ikajipanga yenyewe, jambo ambalo mji ule ulikuwa haujaliona hata hospitali. Injinia akakunja mikono ya koti na kuanza kazi. Kufungua kitu kila mtu anaweza. Shule iko kwenye kufunga. Pampu zikaingia gunini moja baada ya moja, na michango ikaingia mfukoni. Safari nayo alikuwa ameshaipanga. Katika mji wa jirani kulikuwa na muuza spea asiyeuliza maswali, ambaye angelichukua gunia zima na kuyauza yaliyomo kwa watu wengine, wazima na wasio na habari.

Alasiri akaja Mama Msururu. Huyu alikuwa na pikipiki nyingi alizowapa vijana waendeshe na kumletea hesabu kila jioni, na hakuna aliyewahi kumwona akisema hesabu imetosha. Alimvuta Injinia nyuma ya banda.

"Baba, pikipiki zangu nazo zinaumwa."

Injinia akazikagua kwa macho. "Mama, hizi za zamani. Pampu zake hazina kasoro."

"Ndiyo maana nakuuliza. Zitapata kasoro lini?"

Injinia alimtazama kwa heshima ambayo fundi humpa fundi mwenzake. "Mama, kasoro ina utaratibu wake."

"Na huo utaratibu unakula nini?"

"Unakula kidogo tu."

Utaratibu ukala. Pampu nzima za Mama Msururu zikafunguliwa, zikatupwa gunini juu ya zile mbovu. Zilifanana kwa kila kitu, na zikishachanganyika hata aliyezitengeneza asingezitambua.

Siku iliyofuata mji wote ulikuwa na pikipiki zenye breki ya nyuma peke yake. Kwa kuwa waendeshaji walilijua hilo, walikwenda taratibu, wakapisha wazee, wakasimama penye vivuko. Askari wa barabarani walishinda bila kazi na kurudi nyumbani na njaa. Inawezekana hapajawahi kuwa na usalama mkubwa namna ile.

Jioni Injinia alimkuta dada yake sebuleni. Amekaa juu ya begi lake la safari.

"Unakwenda wapi, kaka?"

"Kufuata vifaa."

"Na nguo zako zote?"

"Vifaa vinaweza kuchelewa."

Dada hakucheka. "Nisikilize. Ulipokuwa Mchungaji nilinyamaza. Ulipokuwa Daktari nilinyamaza, nikawafukuza wagonjwa wako mlangoni mwangu. Lakini ile pikipiki iliyofungwa pale kijiweni ndiyo unga wetu, ndiyo kodi, ndiyo ada ya wanangu. Mume wangu amekudhamini kwa sababu anakupenda, maskini wa Mungu. Mimi siwezi kukufunga kamba. Ukitaka kwenda, nenda. Ila usirudi hata siku ya kunizika."

Akanyanyuka, akamwachia begi lake.

Ingependeza kusema kwamba Injinia alitubu palepale. Hakutubu. Alilala vizuri, akaamka mapema, akajitwika gunia, akashika begi, akaelekea stendi ya mabasi. Hata kiti alikuwa ameshakipata, cha dirishani. Ndipo akamwona shemeji yake akipita barabarani kwa miguu, na ndala zake, anakwenda kijiweni kukaa kando ya pikipiki iliyofungwa mnyororo. Shemeji naye akamwona. Uso ukamchanua.

"Injinia! Ndiyo unavifuata? Mungu akutangulie, shemeji! Usihangaike kuwahi, sisi tunakungoja!"

Tusi Injinia angelimudu. Alikuwa na uzoefu nalo. Baraka ilimshinda. Alikaa pale dirishani, akajilaani, akamlaani shemeji, akaulaani ukoo mzima uliomlea huyo shemeji bila kumfundisha kuwa na wasiwasi. Basi lilipowasha injini, akashuka na gunia lake.

Duka la wakala lilikuwa na vioo, ubaridi wa mashine na kalenda za pikipiki zinazopaa. Wakala mwenyewe alivaa tai. Alikuwa mtu wa sauti laini, na viganja vyake vilikuwa safi mno kwa mtu anayefanya biashara ya vyuma.

"Nahitaji pampu za breki ya mbele," Injinia akasema. "Nyingi."

"Vifaa viko njiani," Wakala akajibu bila kuinua macho.

"Vya kulipia, namaanisha."

Macho yakainuka. "Aa. Vya kulipia vimeshafika."

Bei ilipotajwa, Injinia aliomba irudiwe. Akabembeleza, akaapa, akajifanya anaondoka, akarudi. Alitumia kila mbinu aliyokuwa nayo, na kila mbinu Wakala aliipokea kwa tabasamu la mtu anayetazama mtoto akijifunza kutembea.

"Ndugu yangu," Wakala akasema kwa upole, "uhai wa mtu una bei?"

Injinia akaingiza mkono mfukoni. Ikatoka michango ya kijiwe, ikatoka hongo ya Mama Msururu, zikatoka na akiba alizoshonea ndani ya pindo la suruali tangu enzi za uchungaji. Maboksi yakapangwa mlangoni.

"Na hilo gunia?" Wakala akauliza.

"Takataka tu. Pampu za zamani."

Wakala akaweka kalamu chini, polepole sana. "Hizo ni hatari. Huwezi kuzitupa ovyo, utakamatwa. Niachie mimi, nitaziharibu kwa utaratibu. Gharama yake ni ndogo."

Neno hilo "utaratibu" Injinia alilijua vizuri, alikuwa ameliuza juzi tu. Lakini mtu aliyechoka hana masikio. Mfukoni hakukuwa na kitu tena, akavua saa ya mkononi, akaiacha juu ya meza pamoja na gunia, akashukuru.

Kijiweni walimpokea kwa vigelegele. Kufunga hakujui, kwa hiyo akaitwa fundi wa kijiwe, na fundi akataka malipo, na malipo hayo Injinia aliyakopa kwa shemeji. Kufikia jioni kila pikipiki ilikuwa na pampu mpya, na Mwenyekiti akafungua kufuli bila hotuba. Shemeji akapanda kuijaribu. Akashuka mteremko wa sokoni kwa kasi ya mtu mwenye imani, na palepale mama mmoja mwenye kapu la nyanya akajitokeza katikati ya barabara. Shemeji akakamata breki. Pikipiki ikasimama, gurudumu likiligusa kapu.

Nyanya moja ilidondoka. Mama akaiokota, akamtukana shemeji, akaenda zake. Juu ya mteremko Injinia akakaa chini. Aliikumbuka ile breki ya kufikiria, na alijua kwamba sasa hivi dada yake angekuwa mjane.

Hadithi ingeishia hapo, Injinia akiwa hana senti na roho yake ikiwa nyeupe, kama wiki iliyofuata yasingekuja magari mawili ya kampuni, na turubai, na vipaza sauti. Mji mzima ukakusanyika kijiweni. Mkurugenzi wa kampuni alitoka mbali, na pembeni yake alisimama Wakala na tai mpya. Mezani mbele yao palikuwa na rundo la pampu kuukuu. Injinia alizitambua mara moja.

"Nina furaha," Mkurugenzi akanguruma, "kwamba wakala wetu wa hapa amekuwa wa kwanza kuimaliza kazi hii! Pampu mpya tulizomletea miezi mitatu iliyopita, azigawe bure, amezigawa zote! Na mbovu amezirudisha zote. Tena amezidisha! Tulitaraji chache, yeye amezitafuta hata zile ambazo sisi wenyewe hatukujua kuwa ni mbovu! Na kwa kila moja aliyorudisha, kampuni inampa kifuta jasho."

Makofi. Injinia alisimama nyuma ya umati, mdomo wazi. Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni, na huyu Firauni alikuwa na risiti. Alitaka kupiga kelele "Mwizi!" Akaipanga sentensi kichwani. Lakini kila alipoanza, alijikuta inambidi aeleze gunia lilitoka wapi, na usafirishaji ule ulikuwa wa nini, na Mwenyekiti alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwake, karibu na nguzo. Akaimeza.

"Na hatuwezi kumsahau kijana wetu wa kujitolea," Wakala akasema kwenye kipaza sauti kwa ile sauti yake laini. "Injinia, hebu njoo mbele!"

Wakamsukuma mpaka mbele. Wakala akamkumbatia kama ndugu, akamnong'oneza sikioni: "Mwezi ujao wanatangaza minyororo mibovu. Nitafute."

Kabla hajajibu, dada yake alipenya katikati ya watu. Alikuwa amevaa gauni la siku kubwa. Akamshika kaka yake mikono yote miwili, machozi yanamlengalenga.

"Kaka, nisamehe. Nilidhani umekuja kuwaibia hawa watu. Kumbe pampu zilikuwa za bure kweli, na wewe umehangaika nazo bila kupata hata shilingi!"

Hapo Injinia akalia. Alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, mbele ya Mkurugenzi na vipaza sauti, na kila dada yake aliporudia kwamba zilikuwa za bure, kilio kilianza upya. Shemeji naye akaanza kulia kwa kumwonea huruma. Pikipiki zote za kijiwe zikapiga honi.

"Mwacheni alie," Mwenyekiti akasema, akivua kofia yake. "Si rahisi kumpata mtu anayeguswa hivi na usalama barabarani."