Jinsi Tano Ilivyotamkwa Darasa la Sita

Enyi mlioketi nanyi mliosimama, wekeni simu chini mtege masikio, niwasimulie vita vya meza ya mwalimu, vilivyopiganwa Jumanne kipindi cha tatu, na habari za shujaa wake, binti wa fundi cherehani, ambaye wenzake walimwita Ruhusa.

Jina hilo hakulipata bure. Tangu alipokosea saba mara nane ubaoni akiwa darasa la nne, wakamcheka hadi kengele ikalia, kila hesabu zilipoingia yeye alitoka: "Mwalimu, naomba ruhusa niende chooni." Miaka miwili hakutamka namba mbele ya watu. Na tumbo lilimkata kweli, asije mtu akadhani alikuwa akisingizia.

Ndipo mwalimu wa hesabu, mama wa miwani iliyofungwa uzi, akaleta silaha mbili. Ya kwanza ni video za masomo, ambazo Ruhusa alizitazama mara kumi na moja kwenye simu ya baba yake, kwa kuwa mwalimu wa kwenye video hurudishwa nyuma wala haguni. Ya pili ni roboti, farasi asiye na kwato, mwenye urefu wa sentimita ishirini, asongaye sentimita ishirini kila magurudumu yazungukapo mara moja.

"Enyi wana wa darasa la sita!" akanena mwalimu. "Meza hii ina sentimita mia na ishirini. Farasi huyu aanze ncha hii, mkia ukingoni, afike ncha ile asianguke. Mizunguko mingapi?"

"Sita!" akanguruma Kikokotoo, jemadari wa namba, ambaye hakuwahi kukosa tangu chekechea. Jeshi zima likaitikia sita. Farasi akaenda kwa madaha, akapita ukingo, akatumbukia ndani ya sweta la mwalimu lililotandazwa kumdaka.

Hakuna aliyecheka, maana walikuwa wamekosea wote.

"Hajanuna," akasema mwalimu, akimpangusa. "Anangoja namba nyingine tu. Ruhusa, mwanangu, zamu yako."

Tumbo likaanza. Mlango ulikuwa wazi, hatua tatu tu. Lakini macho yake yalikuwa yamekwisha kuona jambo lililompita jemadari, na kulinyamazia kulimuuma kuliko tumbo. Akasimama.

"Mwalimu... na yeye mwenyewe ana urefu. Pale mwanzo tu, ishirini ameshazikalia. Zimebaki mia."

"Kwa hiyo?"

Hapa, wasikilizaji wangu, hata feni iliacha kulia, ingawa wengine husema umeme ulikatika.

"Tano."

Farasi akaondoka. Akazunguka moja, mbili, tatu, nne, tano, akasimama pua sawa na ukingo. Darasa likapiga meza kwa viganja, naye Ruhusa akalia kidogo, akajifuta kwa mkono wa sare.

Ndipo Kikokotoo akanyoosha mkono, uso umemshuka.

"Mwalimu, mimi sijaelewa. Sita imekosa nini?"

Shujaa akamtwaa farasi, akamweka mwanzo wa meza, akamwonyesha jemadari kwa kidole ilipo pua. Akamweleza mara moja, hakupata. Basi na iandikwe katika kumbukumbu za dunia kwamba alimweleza mara ya pili, taratibu, na kabla ya kuanza alimwambia, "Usiogope, kaka. Hata mimi sikupata mara moja."