Ombi la Kufutiwa Ugomvi kwenye Fomu ya Mume Wangu

Kwa Mkuu wa Chuo cha Kiingereza cha Jioni,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi.

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo,

Heshima yako itangulie, nami nifuate nyuma nikiwa nimeishika barua hii kwa mikono miwili.

YAH: VITENZI VINNE VYA MWISHO, AMBAVYO NDOA YETU IMESHINDWA KUVITENDA

Mimi ni mke wa mwanafunzi wako, yule fundi lifti mrefu anayekaa karibu na dirisha na kujibu maswali kabla hayajaisha. Tumefunga ndoa siku thelathini na nane zilizopita. Sihesabu mimi, moyo ndio unaohesabu. Katika barua hii nitamwandika Mume Wangu kwa herufi kubwa, na naomba usinisahihishe, kwa sababu ukimwona asubuhi akinyoa ndevu huku anapiga mluzi, nawe utatafuta herufi kubwa zaidi.

Sasa malalamiko.

Kama ujuavyo, kampuni yao imetangaza kwamba fundi atakayeleta cheti chako atahamishiwa kwenye kufunga lifti mpya, kazi ya asubuhi hadi saa kumi. Asiye na cheti atabaki zamu ya dharura, ambako simu hulia pale tu ninapopakua chakula. Wiki iliyopita ililia mara nne. Watu wa mji huu hukwama kwenye lifti kana kwamba wanapata harufu ya sufuria yangu. Kwa hiyo cheti hicho kwangu si karatasi, Mheshimiwa. Ni mume wa mtu mezani, na sahani yake bado inatoa mvuke.

Ili aruhusiwe kufanya mtihani wa Jumamosi, lazima Ijumaa arudishe ile Fomu ya Mazoezi ya Nyumbani. Ina vitenzi arobaini vya Kiingereza, vile vya maneno mawili mawili, ambavyo hata ukilijua kila neno peke yake bado hujui lolote. Kila kitenzi kimtokee kweli, akitamke papo hapo, na shahidi atie sahihi. Chini pameandikwa kwa wino mzito: “Tukio liwe la kweli. Shahidi asidanganye.” Shahidi ni mimi. Nimesoma hadi kidato cha nne bila kuchungulia karatasi ya mtu, na sitaanza na ya Mume Wangu.

Thelathini na sita vimekwisha. Vinne vimegoma. Nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kwamba vile thelathini na sita vya mwanzo vilitulaghai kwa utamu. Siku ya “look after”, yaani kumtunza mtu, nilipiga chafya moja tu, nikatunzwa kutwa nzima kwa mablanketi mawili. Siku ya “run out of”, yaani kuishiwa na kitu, sukari ilikwisha na tukakumbatiana jikoni kama walioshinda bahati nasibu. Siku ya “turn off”, kuzima, alizima taa zote akaniambia maneno yasiyohusiana na chuo chako. Hata kazini aliendelea na bidii. Mhasibu mmoja alikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano. Mume Wangu akampigia kelele, “Hold on!”, yaani avumilie kidogo, kisha kabla ya kufungua mlango akampenyezea fomu na kalamu kwenye upenyo. Mhasibu alitia sahihi upesi kuliko shahidi yeyote. Imetetemeka kidogo, naomba ipokewe hivyo hivyo.

2. Kwamba kitenzi cha thelathini na saba ni “fall out”, ambacho kamusi inasema ni kukosana na mtu mliyekuwa mkipatana, na fomu inaongeza: “na mtu wa nyumbani”. Nyumbani kwetu tupo wawili na ndoo ya maji. Usidhani hatukujaribu. Jumapili baada ya chai tulikaa mezani, fomu katikati, kalamu wazi. Nikaanza mimi. Nikamwambia soksi zake zinanuka. Akazinusa, akasema, “Kweli kabisa, mke wangu,” akaenda kuzifua, na zangu akazifua. Ikawa zamu yake. Akasema pazia nililoshona la sebuleni limepinda. Mheshimiwa, mimi kazi yangu ni kushona na kuuza mapazia, hilo ni tusi la mtu na ofisi yake. Nikachukua futikamba, nikapima. Limepinda sentimita mbili. Nikamshukuru. Tulicheka mpaka chai ikapoa, na fomu ikabaki nyeupe kama ilivyokuja.

3. Kwamba nililazimika kwenda kuomba ugomvi kwa jirani kama mtu anayeomba chumvi. Jirani yetu ni fundi viatu, na yeye na mkewe hugombana kila siku kuanzia alfajiri kwa bidii ya kupigiwa mfano. Nikabisha hodi, nikaomba watuazime mmoja, hata mdogo. Mke akasema, “Chukua wote, mwanangu, na mwenyewe mchukue.” Mume akaruka: “Umesikia? Umesikia anavyonigawa kama viatu visivyo na mwenyewe?” Ukawaka hapo hapo mlangoni, ugomvi safi, mzima, nami fomu ninayo mkononi. Lakini hakuna aliyetamka neno hata moja la Kiingereza, na wote wawili si wanafunzi wako. Nilirudi bila sahihi. Nilihuzunika, kisha Mume Wangu akanifariji, tukapoteza na hiyo nafasi.

4. Kwamba suala hili sasa limefika kwa wazazi. Mama mkwe alikuja na miwani yake ya kusomea. Nilipomtafsiria vile vinne alishangaa. “Vinne tu? Hivyo mimi na baba yenu tulivimaliza wiki ya fungate. Lete kalamu.” Nikamweleza kwa adabu kwamba ugomvi wa mama hauwezi kuhesabiwa kwa mtoto. Basi akamgeukia mwanawe: “Wewe, mkaripie mkeo uhamishwe zamu! Unataka kula chakula baridi mpaka uzeeke?” Mume Wangu akanitazama. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo. Akasema nina macho mazuri. Mama mkwe akakunja miwani na kutangaza kwamba hakuzaa mtoto, alizaa mto wa kulalia. Shangazi naye tulimpigia simu. Ushauri wake ni tusubiri mwaka wa tatu. Mtihani ni Jumamosi.

5. Kwamba vitatu vilivyobaki vyote vinaning’inia kwenye hicho kimoja. Cha thelathini na nane ni “walk out”, kutoka kwa hasira na kumwacha mtu. Mume Wangu hawezi hata kwenda dukani bila kuniaga, na akifika kwenye ngazi hurudi kuniaga tena. Cha thelathini na tisa, “get over”, ni kupona machungu. Yapi? Na cha arobaini, Mheshimiwa, hicho ndicho kinachoniliza: “make up”, yaani kupatana. Kizuri kuliko vyote! Kimewekwa mwisho kabisa, na hakifikiki ila kwa kupitia vile vitatu vibaya. Mume Wangu, ambaye ni mtaalamu, anasema ni sawa na kutengeneza lifti ambayo lazima kwanza ianguke ndipo ipande.

6. Kwamba, kwa sababu hizo, chuo chako kinawaadhibu watu kwa kupendana, na kuwapa vyeti wanaorushiana vikombe. Hilo si jambo dogo. Likienea, mabinti watachagua wachumba wenye hasira ili wasome vizuri.

Naomba basi vitenzi hivyo vinne vifutwe kwenye fomu ya Mume Wangu na badala yake viwekwe vinne vya furaha. Nimeandika mapendekezo kumi na tisa nyuma ya karatasi. Ikishindikana, naomba tupewe barua ya msamaha kwa sababu ya raha, yenye mhuri. Uthibitisho nitaleta: wapangaji wa chumba cha kushoto wamechoka na vicheko vyetu na wako tayari kuapa. Hilo nalo likishindikana, basi mwalimu wa jioni aje kwetu Alhamisi amtukane Mume Wangu yeye mwenyewe. Nitapika. Aje tu na matusi, mengine yote yapo.

Na kama yote hayo hayawezekani, naomba uwaandikie wenye Kiingereza chao, uwaulize kwa nini wameweka maneno mengi hivyo kwa jambo ambalo sisi hatujaliona hata mara moja. Tunaweza kusubiri majibu yao hadi Ijumaa saa nne. Kwa siku za usoni, nashauri vitenzi vya huzuni vifundishwe kwenye darasa la peke yake, la waliooana zamani. Mama mkwe yuko tayari kufundisha bure.

Mume Wangu hajui kwamba nimeandika. Nataka iwe zawadi.

Nisalimie mwalimu wa jioni, binti wa mapokezi, mlinzi anayefungua geti hata kabla hujasema wewe ni nani, na muuza rangi wa chini ambaye mnamkanyagia ngazi zake kila siku bila kumpa pole.

Ni mimi, mwenye furaha isiyo na nafasi kwenye fomu,
Mke wa Fundi Lifti

Nyongeza: Mheshimiwa, tafadhali usisome barua iliyo hapo juu.

Nilikuwa naikunja, Mume Wangu akaingia. Akaisoma akiwa amesimama. Akasema, “Umemwandikia Mkuu wa Chuo habari za soksi zangu?” Nikasema ni mstari mmoja tu. Akasema, “Na mhasibu? Kampuni ikisikia, zamu ya dharura yenyewe nitaitafuta!” Nikasema nimehangaika nchi nzima kwa ajili yake. Akasema hakuna aliyenituma. Nikasema ndiyo maana mama yake amemwita mto. Hapo akaitupa barua mezani. Kisha akasema, kwa Kiingereza kizuri ambacho sijawahi kukisikia kwake, kwamba tumekosana. Akanisogezea fomu. Nikamwambia kwa hasira zangu zote kwamba sahihi yangu haipati ng’o!

Akafika mlangoni, akakitamka cha thelathini na nane, akatoka. Hakuniaga. Nikasikiliza ngazi, hakurudi kuniaga mara ya pili.

Nilikaa na kalamu. Ukweli ni ukweli. Nikatia sahihi cha thelathini na saba na cha thelathini na nane. Hayo madoa ni machozi, si chai.

Alirudi baada ya dakika ishirini na mbili, mkononi ana nusu kilo ya sukari. Alipotoka dukani alikuwa amekaa kwenye ngazi ya pili kutoka chini, anaona aibu kupanda. Akasema, tena kwa Kiingereza, kwamba amepona. Nikasema mimi bado kidogo. Akasubiri. Simu ya dharura ikalia, akaitazama ikilia mpaka ikachoka. Nikapona, nikatia sahihi cha thelathini na tisa. Cha arobaini utaona kina sahihi mbili: mara ya kwanza tulipatana kwa haraka, tukaona ni vizuri kuhakikisha.

Naambatisha fomu iliyojaa, na ombi langu nimeliondoa. Barua naituma tu kama kielelezo, kwa sababu mnataka tukio halisi, na tukio lenyewe ndilo hili. Habari za mhasibu nimezifuta kwa wino. Kama bado zinasomeka, naomba usizisome.

Nimebakiwa na ombi moja dogo. Je, fomu tupu mnazigawa? Mume Wangu na mimi tungependa kurudia cha thelathini na saba hadi cha arobaini kila mwezi.